Ufagio Usiopiga Hodi

Wanangu mnaoandika programu, kabla hamjaendelea kuniita fundi mkuu, nikwambieni hili: mimi nimewahi kuifagia nyumba ya mwenzangu na vyote vilivyomo, mchana kweupe, na mwenyewe amekaa kitini hatua mbili kutoka kwangu. Tena ufagio niliutengeneza kwa mikono yangu, nikampa, nikamwambia, "Shika, huu mpya, mwepesi." Akanishukuru.

Jina langu Rukia. Nimezaliwa Mlandege, na kazi nimeifanyia Mlandege hapo hapo, katika kiofisi kimoja juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa watatu. Marehemu mama yangu, mpaka anafariki, aliamini napiga taipu. Majirani wakimuuliza, "Rukia anafanya nini huko juu?" alikuwa akiwajibu, "Anapiga taipu, lakini mashine yao mbovu, kila siku wanaitengeneza." Hakuwa mbali na ukweli.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Nassor, mtu wa Mji Mkongwe, miwani imefungwa uzi shingoni, kahawa ya tangawizi haikauki mezani. Alisoma kompyuta nchi za baridi enzi ambazo hapa kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa, akarudi na sanduku la vitabu badala ya nguo. Wa tatu wetu alikuwa Hamadi, kijana wa Tumbatu, mpole, asiyesema neno mpaka alipime. Yeye alikuwa kibarua. Alikaa Kikwajuni kwa shangazi yake, Bi Time, aliyeuza njugu za kukaanga mlangoni kwake.

Kazi yetu kubwa miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, ilikuwa programu ya bustani ya miche ya Kizimbani. Wenyewe walitaka kujua kila mche wa mkarafuu umetoka kwa mkarafuu mama yupi, umepandwa tuta gani, na umekwenda kwa mkulima gani. Mche ukiugua, watafute ndugu zake wote. Sehemu ngumu kuliko zote, ile ya kuufuata ukoo wa mche mpaka kwa mama yake, Bwana Nassor alimpa Hamadi. Akamwambia mbele yangu, "Ukiimaliza hii na Kizimbani wakiipokea, nakuandikisha kazi ya kudumu. Usipoimaliza, kibarua kinakwisha Jumatatu hiyo hiyo tutakayokwenda kuwaonesha."

Sasa nikuelezeni vyombo vyetu, msije mkapotea njiani. Kila tulichoandika tulikiweka kwenye ghala. Ghala ilikuwa programu inayohifadhi kila toleo la kazi. Umebadilisha mstari, unaweka, unaandika maneno mawili matatu kueleza ulichofanya, na ghala inatia jina lako, siku na saa. Ukiharibu leo, unachukua toleo la jana. Nyinyi mnazo ghala za kisasa zaidi, lakini ile yetu ya kizee nayo ilikuwa haisahau kitu.

Amri za ghala zilikuwa ndefu, za Kizungu, zimejaa vistari na herufi mojamoja za kukuumiza macho. Ndipo Bwana Nassor akatutengenezea njia za mkato kwa Kiswahili. Ukiandika *chukua*, ghala inakupa kazi. Ukiandika *weka*, inapokea. Na kulikuwa na *fagia*. Hii ilikwenda mahali pako pa kazi, tulipopaita shamba, ikafuta kila kilichopo, halafu ikakuletea nakala safi kutoka ghalani. Tuliitumia shamba likishavurugika mpaka mwenyewe hujui ulianzia wapi.

Lakini fagia ya Bwana Nassor haikuwa ikiingia tu. Kwanza iliandika kwenye skrini: *Hodi!* Kisha inangoja. Lazima uandike *karibu*, herufi kwa herufi. Ukiandika kitu chengine chochote, inasema *Haya, nitarudi*, na inakwenda zake bila ya kugusa hata unyasi. Nilipomuuliza sababu alinitazama juu ya miwani.

"Wewe mtoto wa Mlandege, ukenda nyumba ya watu unafanyaje?"

"Napiga hodi."

"Usipoitikiwa?"

"Napiga tena. Mara tatu. Kisha narudi."

"Basi mashine nayo ina adabu gani hata iingie tu? Tena inaingia na ufagio!"

Nilicheka. Nilikuwa na umri wa kucheka.

Mashine yetu ya zamani ilipoanza kukohoa, tukaletewa mpya. Bwana Nassor akanipa mimi kazi ya kuhamisha kila kitu, na akasema maneno ambayo yalinivimbisha kichwa: "Huyu Rukia ndiye atakayekaa kiti changu." Nilitembea Darajani siku ile kama mwenye Darajani yake.

Na hapa, wanangu, ndipo penye somo. Mashine hizi zina kitu kinaitwa sheli. Ni karani anayekaa baina yako na mashine. Unamwandikia amri, yeye anaifahamu na kuipeleka ndani. Kumbe mashine kongwe ilikuwa na sheli ya aina moja, na mpya ina ya aina nyengine. Kwa macho huzijui. Zote zinakungojea na kijialama chao mwanzo wa mstari. Amri za kila siku zinafanana, kwa hiyo unajipa moyo. Kumbe njia zako za mkato ni mambo uliyokubaliana na karani yule wa zamani, huyu mpya hayamhusu.

Kwa mfano *weka*. Karani wa zamani ukimpa jina la faili, alijua kulitia katikati ya amri, pale ulipomwonesha kwa alama ya mshangao. Mpya alikuwa akilibandika mwishoni tu, na alama zetu za zamani akizisoma kama majina ya faili. Siku ya kwanza nilipoandika weka, mashine ilinijibu kwamba haina faili linaloitwa alama ya mshangao. Nilikaa nayo tangu asubuhi mpaka adhana ya Alasiri. Dawa yake ilikuwa kuacha mtindo wa mkato mwepesi na kuiandika kila njia kama kijiprogramu kidogo, chenye mwanzo na mwisho wake. Nikaziandika upya moja moja, na kila iliyokubali nilimwita Hamadi aje aishangilie.

Ikabaki fagia. Pale penye *Hodi!*, namna ya kungojea mtu aandike jibu haikuwa moja kwa makarani hawa wawili. Mpya aliufikia ule mstari akagoma, akasema hajui sarufi yake. Nikageuza huku, akagoma. Nikageuza kule, akagoma. Nikatazama saa. Nikajisemea, kwani nani asiyejua anachofagia? Kila siku karibu, karibu, tumekuwa wapokea wageni? Nikaufuta mstari wote wa hodi. Fagia ikapita mara moja, laini, kimya. Nikaweka faili ghalani na maelezo yangu mafupi, nikaenda kula.

Kwangu ilifanya kazi vizuri. Naomba hayo maneno, "kwangu inafanya kazi", mkiyasikia kwa mtu yeyote, mtilieni shaka, na mkiyasikia vinywani mwenu, jitilieni zaidi. Kwangu ilifanya kazi kwa sababu shamba langu nilishalitambulisha kwa karani mpya. La Hamadi sikulitambulisha. Lilikuwa limeandikwa kwenye faili ambalo karani wa zamani alilisoma kila asubuhi, na huyu mpya hakulifungua hata siku moja. Nilidhani analisoma. Sikumuuliza mtu.

Mtaniambia, sawa, shamba halijulikani, si mashine itakataa? Ya zamani, ndiyo. Karani yule mkongwe ukimwambia "nenda shambani" na shamba halijui, alikufokea, *shamba silijui*, akaweka kila kitu chini. Mpya ni mpole, hapendi kukusumbua. Jina asilolijua analihesabu kuwa ni tupu na anaendelea. Ukimwambia "nenda" bila ya kumwambia wapi, anakwenda nyumbani, yaani pale mahali pa mwanzo pa kila mtumiaji, penye vitu vyake vyote. Kisha akifika, anafagia.

Hamadi nyumbani kwake humo ndani ya mashine alikuwa na chumba alichokiita *jikoni*. Humo ndimo alimopikia ule ukoo wa miche, wiki saba. Ghalani alikuwa hajauweka, maana sheria ya Bwana Nassor ilikuwa kisichoiva hakiwekwi. Na kile kifaa cha kunakilia kwenye kanda, ambacho kwenye mashine ya zamani kilituokoa mara nyingi, hakikukubaliana na mashine mpya, nasi tukangojea chengine.

Ilikuwa Alhamisi, saa sita na nusu. Alitaka shamba safi ahamishie kazi yake, tayari kwa Jumatatu.

"Bi Rukia, fagia yako mbona imenyamaza sana?"

"Ndiyo uzuri wake huo."

Akageukia skrini yake. Nikasikia anagonga vitufe, taratibu, kisha haraka.

"Bi Rukia. Jikoni hakuna kitu."

"Hakuna nini?"

"Hakuna hilo jiko lenyewe."

Nilisimama nyuma ya kiti chake. Skrini ilikuwa tupu, na ile nakala safi ya ghalani imekaa nyumbani kwake kama mgeni aliyekosea mlango. Niliangalia mara moja pale shamba lake lilipotakiwa kuandikwa, nikaona halikuandikwa. Nilijua papo hapo.

Bwana Nassor alikuja na kikombe chake.

"Hamadi, umefanya nini?"

"Nimefagia tu, Bwana Nassor."

"Umefagia! Wiki saba! Hodi haikukuuliza? Au uliandika karibu bila ya kusoma?"

Hamadi akanitazama.

"Mimi sina la kusema," Bwana Nassor akasema. "Kizimbani tutakwenda, tutawaomba radhi, na kibarua chako kimekwisha, siku hiyo utanipa ufunguo wa ofisi. Mtu asiyetazama anachokifuta siwezi kumwachia kazi za watu."

Nami nikasema, "Pole, Hamadi." Hayo tu. Nikarudi kitini kwangu. Nimeona aibu mara nyingi katika maisha, lakini nyingi nimezisahau. Ile ya kusema pole kwa kitu nilichokifanya mwenyewe sijaisahau. Niliogopa kile kiti cha Bwana Nassor kisinipotee. Sina sababu nyengine ya kukupeni.

Usiku sikulala vizuri, Ijumaa nikashinda na kichwa kizito. Baada ya sala ya Alasiri nikajifunga buibui nikaenda Kikwajuni. Mlango wa Bi Time ulikuwa umerudishwa, sinia la njugu halipo nje. Nikapiga hodi.

Kimya.

Nikapiga ya pili, na ndani nikasikia karatasi zinachakarishwa, lakini sikuitikiwa. Niliwaza, ya tatu nikikosa jibu, adabu itanilazimisha nirudi, na nikirudi leo sitakuja tena. Nikapiga ya tatu.

"Karibu," akasema Hamadi.

Walikuwa wamekaa mkekani yeye na shangazi yake, katikati yao lundo la karatasi zile ndefu za printa, zenye vitundu pembeni.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu. Angalia usikanyage ukoo wa mikarafuu."

Kumbe Hamadi, kwa kuwa nyumbani hana kompyuta, kila Alhamisi jioni alichapisha kazi yake yote akaja nayo kuisoma kitandani. Akishaisoma alimpa shangazi yake afungie njugu. Nusu ya Kikwajuni ilikuwa imekula njugu kutoka ndani ya programu ya Kizimbani.

"Za wiki iliyopita ndizo hizi," Bi Time akasema. "Kumi na moja za mwanzo nshauza. Ningejua ni za maana, ningefungia gazeti."

Sikukaa. Nilisema nimesimama hivyo hivyo, maana nikikaa nitapewa chai na nikipewa chai nitaanza kuzungumza habari nyengine. "Hamadi, si wewe. Hodi niliitoa mimi. Na shamba lako sikuliandika. Wewe hukukosea kitu."

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu jana. Nlitazama ghalani. Si umeandika mwenyewe? Na jina lako lipo."

"Na Bwana Nassor hukumwambia?"

"Nimwambieje? Mimi kibarua, wewe ndiye utakayekaa kiti chake. Nikasema nnangoja mpaka kesho Magharibi. Akija, kaja. Asipokuja, n'tajua nilikuwa nnafanya kazi na nani."

"Na hodi mbili za mwanzo mbona hukuitikia?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Nlitaka kusikia kama utapiga ya tatu."

Bi Time akanivuta buibui nikakaa. Chai nikapewa.

Jumamosi na Jumapili tulishinda ofisini, yeye anakumbuka, mimi naandika. Karatasi za Bi Time zilikuwa na chumvi na mafuta, pengine herufi zimefutika kabisa, na Hamadi anafumba macho, anasema, "Hapa nliuliza kwanza kama mama anajulikana." Kurasa zile kumi na moja alizitoa kichwani. Nilipofungua faili la njia za mkato ili niitengeneze fagia, nikakuta hodi imesharudi mahali pake, kwa lugha ya karani mpya, imeandikwa vizuri kuliko ningeiandika mimi. Na juu yake kuna mstari mwengine: jina la shamba likiwa tupu, simama, usiende popote. Nikajua ni Hamadi. Nikadhani ameifanya asubuhi ile, kabla sijafika. Sikumuuliza, kazi ilikuwa nyingi.

Jumatatu tukaenda Kizimbani. Kabla programu haijawashwa, mbele ya mkuu wa bustani na wasaidizi wake, nikamwomba Bwana Nassor nafasi nikaeleza yote: hodi, shamba, pole yangu ya uongo. Bwana Nassor alivua miwani ikaning'inia kwenye uzi wake. Mkuu wa bustani, mwanamke mtu mzima aliyekuja na udongo viatuni, akasema, "Haya, mmeshamaliza mambo ya mjini? Nna tuta la miche inakauka, nataka kujua mama yao." Hamadi akaandika namba ya tuta. Programu ikafikiri kidogo, nasi sote pumzi juu, kisha ikamtoa mama, na watoto wake wengine wote na matuta waliyopo. Orodha ya kuchapisha ilikuwa bado haifanyi kazi, na mpaka leo sijui kama yupo aliyeliona hilo.

Gari lilipokuwa linaingia mjini Bwana Nassor akavaa tena miwani yake. Kisha akasema, "Hamadi, kesho njoo na picha mbili za pasipoti, tukuandikishe." Baadaye kidogo: "Na wewe Rukia, sheria yangu ya kisichoiva hakiwekwi, ifute. Kila mtu awe na pembe yake ghalani, aweke hata unga." Kuhusu kiti chake hakusema chochote. Alipostaafu kilikaliwa na Hamadi, na mimi nikafanya kazi chini yake mpaka nilipomaliza. Nakwambieni kwa moyo mweupe, kilimstahili.

Mkitaka ufundi wa kubeba, bebeni huu. Usihamishe njia zako za mkato kwa kunakili. Zifasiri, na kila moja ijaribu kwa jina la mtu mwengine, si lako. Amri yoyote inayofuta, kwanza iambie ikuoneshe inachotaka kufuta, uone kwa macho. Na mashine ikiugomea mstari wa ulinzi, usiufute mstari. Kaa nao mpaka uelewane nao, hata chakula kipoe.

Siku yangu ya mwisho ofisini nilifungua historia ya lile faili la njia za mkato, kuaga tu. Ghala ilinipa kila badiliko na maelezo yake. Langu nikalikuta: *Nimeondoa hodi, inasumbua. Rukia.* Linalofuata ni la Hamadi: *Nimerejesha hodi, asifagiwe mwengine.* Nikataka kufunga, jicho likaenda kwenye siku na saa. Haikuwa Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi ile ile, saa nane na robo, baada ya kuambiwa arudishe ufunguo. Wiki saba zake zimekwenda, kibarua kimekwenda, naye amekaa anautengeneza ufagio usije ukaingia nyumbani kwangu. Mimi saa nane na robo ile nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, najifanya napiga taipu.